Kidonge, Kikopo na Chupa ya Nusu Lita



Mezani hapa nimeweka kidonge kimoja, kikopo kimoja na chupa tupu ya maji ya kunywa ya nusu lita. Nianze na kidonge. Hii ni salbutamoli ya miligramu 4, dawa ambayo mzazi wa mtoto anayebanwa kifua hupewa dukani kabla hata hajamaliza kueleza shida yake. Kikopo nacho kina salbutamoli hiyo hiyo. Ndicho tunachokiita pampu, wengine wanasema inhela. Ukikibonyeza mara moja kinatoa maikrogramu 100. Miligramu moja ni maikrogramu 1,000. Walimu, nisaidieni hesabu: kidonge hiki kimoja kina dawa sawa na mibonyezo 40 ya kikopo hiki.

Miaka yote niliyokaa kliniki ya watoto nimekuwa nikiwauliza wazazi ipi kati ya hizi mbili ni dawa kali. Jibu halibadiliki: pampu. "Daktari, tusifike huko jamani. Mpe vidonge kwanza." Wanaoniambia hivyo si wazembe. Ni watu waliokesha na mtoto, waliopakia mtoto bodaboda saa tisa usiku, waliouza kuku ili wapate nauli. Wanamwogopea mwana wao. Ila woga wenyewe umeelekezwa kusiko, na jibu hilo la kliniki limewanyima watoto wengi pumzi, na wengine limewagharimu uhai. Ndiyo sababu nimeomba kuzungumza nanyi jioni hii.

Kidonge kikimezwa kinashuka tumboni, kinapita kwenye ini, kinaingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima. Moyo unapata, mikono inapata, mapafu nayo yanapata fungu lake dogo. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa vidonge hivi anatetemeka vidole hata kalamu haishikiki, moyo unamwenda mbio, usiku anageukageuka kitandani, na mama anadhani ugonjwa umezidi. Dawa ya kuvuta haina safari hiyo. Inatua pale pale penye shida, na baada ya dakika chache mtoto anaanza kupata nafuu wakati mwenzake aliyemeza kidonge bado anasubiri tumbo lifanye kazi yake.

Sasa hapo penye shida ni wapi?

Chukueni mwembe, muupindue kichwa chini. Shina ni bomba kubwa la hewa, hili unaloweza kuligusa hapa shingoni. Linagawanyika matawi mawili, moja kwa kila pafu, na kila tawi linagawanyika tena, na tena, kiasi cha mara 23 mpaka kwenye vifuko vya mwisho ambako hewa inakutana na damu. Vile vitawi vyenye upana usiofika milimita 2 ndivyo ninavyoviita vijirija vya hewa, na ugonjwa ninaousema leo una makao humo. Kwa watoto wengi ugonjwa huo ni pumu.

Mwaka 1970 mtaalamu wa mapafu wa Marekani, Jere Mead, alivipa vijirija hivi jina la eneo la kimya. Viko vingi mno, na ukivijumlisha vyote njia yake ni pana, kwa hiyo vingi vinaweza kuziba bila mtoto kuonyesha dalili kubwa. Anacheza, anakimbizana na wenzake, anakula. Wewe unasema amepona. Kumbe kimyakimya njia zinafungwa moja baada ya nyingine, mpaka siku baridi inapoingia, au mafua yanapompata, na zile chache zilizobaki zinabana kwa pamoja. Hapo ndipo mzazi anaposema, "Mtoto alikuwa mzima kabisa jana."

Iko kanuni ya fizikia ambayo kila mzazi wa mtoto mwenye pumu angeifahamu, angetoka na dawa mkononi. Mrija ukipungua upana ukawa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara 16. Na mtoto anaanza safari yake na mirija ambayo ni myembamba kuliko yetu. Uvimbe mdogo usiomshtua mtu mzima unatosha kumfanya mtoto ainue mabega kila anapovuta pumzi.

Mambo yanayoupunguza upana huo ni misuli inayozunguka kijirija inapobana, ukuta wa ndani unapovimba, na ute mzito unapojaa katikati. Salbutamoli inalegeza misuli. Ni kazi njema na ya haraka, lakini uvimbe inauacha kama ulivyo. Ya kuushusha uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, inayotumika kwa kipimo kidogo kila siku, mtoto akiwa mgonjwa na akiwa mzima. Kliniki tumezoea kusema kopo la bluu na kopo la kahawia, kwa kuwa rangi hizo ndizo zilizoenea, ingawa watengenezaji hawafuati rangi moja. Someni jina la dawa. La bluu linafungua. La kahawia linakinga. Nikiwa na neno moja tu la kuwaachia, ni kwamba watoto wetu wanakufa kwa kukosa la kahawia.

Lakini kabla ya kopo lolote, ugonjwa lazima utambuliwe, na hapo pana kasoro kubwa.

Nilikuwa daktari kijana katika wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini. Mnajua Julai ya huko: ukungu mpaka saa nne asubuhi, watoto wamejikunyata jikoni kuzunguka moto wa kuni. Alfajiri moja mama aliingia na mtoto wa kiume wa miaka minane. Mtoto alikuwa ameketi wima, mikono ameishika kingo za kitanda, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa, na kifua kinapiga mluzi ambao ningeweza kuusikia nikiwa mlangoni. Nilifungua daftari lake la matibabu. Katika miezi minne alikuwa ameandikiwa nimonia mara tano, na kila mara amepewa antibiotiki. Vidonge vya salbutamoli mara tatu. Dawa ya maji ya kikohozi sikuhesabu. Nilipomvua shati nikaona chale mpya kifuani, na alipofungua mdomo nikaona kimeo hakipo. Alikuwa amekatwa kimeo kwa sababu ya kukohoa usiku.

Sikumlaumu mama yule wala leo simlaumu. Kila mlango aliobisha alipewa kitu. Daftari zima, kurasa kumi na moja, halikuwa na neno pumu.

Mtoto yule hakuwa peke yake. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwachunguza watoto 614 wa chini ya miaka mitano waliofika na kikohozi au shida ya kupumua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Zaidi ya 40 katika kila 100 shida yao ilikuwa pumu au magonjwa ya jamii yake ya vijirija kubana, na watafiti wakaonyesha jinsi watoto wa namna hiyo wanavyopewa jina la nimonia. Utafiti mwingine, mkubwa zaidi, uliwauliza wanafunzi wapatao 27,000 katika miji ya nchi sita za Afrika, Uganda ikiwemo. Kama 12 katika kila 100 walikuwa na dalili za pumu, na kati ya hao ni mmoja tu katika watano aliyewahi kuambiwa na daktari kwamba ana pumu. Wanne waliobaki wanaitwa watoto wenye kifua, watoto wa mafua, watoto wavivu wa michezo.

Kikohozi kinachokuja usiku na alfajiri, kinachorudi kila msimu, kinachoanza mtoto akikimbia au akicheka sana, kikiwa na mluzi, bila homa: fikirieni pumu. Mkohoaji wa namna hiyo kimeo chake hakina kosa. Kukikata kunamwaga damu na kuingiza vijidudu, na kijirija cha hewa kiko mbali kabisa na mahali palipokatwa.

Niwe mkweli pia kwamba si kila mluzi ni pumu. Mtoto wa miaka miwili aliyekuwa mzima, mara akapaliwa akila karanga, kisha mluzi ukasikika upande mmoja wa kifua, huyo ana karanga pafuni na anahitaji kutolewa kwa kifaa hospitalini. Pampu haitamsaidia, na kila siku ya kuchelewa inamharibia pafu. Wako wenye kifua kikuu. Wako pia vijana waliozaliwa na virusi vya UKIMWI ambao vijirija vyao vimejaa makovu, na kovu halilegezwi na salbutamoli. Kwa vijana hao ulifanyika utafiti Harare na Blantyre wa kutumia azithromisini, dawa ya kumeza. Uwezo wa mapafu haukuongezeka, ila mashambulizi yalipungua. Nayasema haya ili mjue kwamba dawa ya kuvuta haitibu kila kifua. Mtoto asiyepata nafuu baada ya kutumia kopo la kahawia sawasawa kwa miezi miwili au mitatu, arudishwe achunguzwe upya.

Naombeni turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya kikopo hiki ilianzishwa na mtoto. Mwaka 1955 binti wa miaka 13 huko Marekani, mwenye pumu, alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye kopo la kupuliza kama zile dawa za nywele. Wakati ule alikuwa akitumia kichupa cha kioo chenye mpira wa kuminya, kinavunjika kirahisi na hakitoi kipimo kile kile mara mbili. Baba, George Maison, alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker. Hakumpuuza. Mwaka uliofuata, 1956, pampu za kwanza zenye kipimo maalumu zilikuwa zinauzwa. Walimu, mwanafunzi akiwauliza swali la ajabu, msimkatishe.

Salbutamoli yenyewe ilifika mwaka 1969 na beklometasoni ya kuvuta mwaka 1972, zote kutoka Uingereza. Hiyo ya pili ndiyo iliyogeuza maisha ya wagonjwa. Watu waliokuwa wakiishi kwa vidonge vya prednisoloni, yaani steroidi ya kumeza, nyuso zimevimba na mifupa imedhoofika, waliweza kuviacha. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado dawa hiyo haijafika kwenye daftari la yule mtoto wa Julai.

Kilichofika ni la bluu peke yake, na hilo ndilo linalonitia hofu. Kopo la bluu linampa mtoto nafuu anayoihisi papo hapo, kwa hiyo linapendwa. La kahawia halihisiwi. Unalivuta leo, kesho hakuna tofauti, keshokutwa hakuna tofauti, na baada ya wiki mbili mzazi anasema halifanyi kazi. Wakati huo huo la bluu linaficha uvimbe unaoendelea chini yake. Uingereza, nchi yenye kila dawa, ilichunguza vifo vya pumu na kutoa ripoti mwaka 2014. Kati ya marehemu waliokuwa wakitumia dawa ya kufungua na idadi ya makopo yao ikajulikana, 39 katika kila 100 walikuwa wameandikiwa zaidi ya makopo 12 katika mwaka mmoja kabla ya kufa. Kopo moja lina mibonyezo 200. Watu wale walikuwa na dawa mkononi, tena nyingi.

Upande wa pili wa hesabu ulipatikana Kanada mwaka 2000. Watafiti walifuatilia wagonjwa wa pumu wa jimbo la Saskatchewan wakaona kwamba kwa kila kopo moja la steroidi ya kuvuta lililoongezeka katika mwaka, kiwango cha vifo kilipungua kwa asilimia 21. Kopo moja tu! Mwaka 2019 jopo la kimataifa linalotoa miongozo ya pumu, GINA, likatamka wazi kwamba mtu wa miaka 12 na kuendelea asitibiwe tena kwa dawa ya kufungua peke yake. Kwa wadogo wa miaka 6 hadi 11 mwongozo ni huo huo kwa mkondo wake: steroidi ya kuvuta iwepo, ama kila siku kwa kipimo kidogo, ama kila mara dawa ya kufungua inapotumika.

Najua mnachotaka kuniuliza. Nimekisikia mara nyingi mpaka nakijua kwa sauti ya muulizaji. "Daktari, si atazoea?"

Mtoto hazoei beklometasoni. Haimlevyi, haimpi hamu, na hahitaji kuongezewa kipimo kadiri miaka inavyokwenda ili ifanye kazi ile ile. Anayevuta kila siku anafanya hivyo kwa sababu ugonjwa wake upo kila siku. Kumbukeni lile eneo la kimya. Akikaa miezi kadhaa bila dalili daktari anashusha kipimo polepole, na wengine wanaacha kabisa.

Kuhusu steroidi, sitawaficha kitu. Katika utafiti mmoja wa Marekani watoto waliotumia budesonidi ya kuvuta kwa miaka kadhaa walifikia utu uzima wakiwa wafupi kwa sentimita 1.2 kwa wastani kuliko wenzao. Hiyo ni kama upana wa kucha ya kidole changu hiki. Mtoto ambaye pumu yake haijadhibitiwa naye hakui vizuri, hasomi vizuri, na anaweza kufa. Mimi ningechagua sentimita. Tena pimeni na hili: mtoto anapozidiwa na kulazwa, tunampa prednisoloni, mara nyingi miligramu 20 kwa siku, ambayo ni maikrogramu 20,000. Mtoto anayevuta beklometasoni maikrogramu 200 kwa siku atahitaji siku 100 kufikisha uzani huo. Nguvu za dawa hizi mbili kwa kila maikrogramu hazilingani, kwa hiyo msiichukue hesabu hii kama mizani kamili. Ila inawaonyesha kwamba anayeogopa steroidi ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kumpa mtoto kopo la kahawia, ili asifike kwenye vidonge.

Madhara yanayoonekana mara kwa mara ni utando mweupe mdomoni na sauti kukauka. Dawa yake ni maji: mtoto asukutue na kutema kila baada ya kuvuta. Na nyie wauguzi, mtoto anayetumia ritonaviri kwa ajili ya virusi vya UKIMWI asiandikiwe steroidi za kuvuta za flutikasoni wala budesonidi, kwa kuwa ritonaviri inazifanya zirundikane mwilini. Kwake beklometasoni ndiyo salama zaidi.

Tufike kwenye chupa.

Dawa inatoka kwenye kikopo kwa kasi ya gari la barabara kuu. Mtoto akikiweka mdomoni moja kwa moja, abonyeze na kuvuta kwa sekunde ile ile, sehemu kubwa inagonga ulimi na koo, anaimeza, na tumerudi kule kule kwenye kidonge. Chembe zinazofaa kufika kwenye vijirija ni zile za maikromita 1 hadi 5. Kubwa zaidi zinaanguka kooni. Kinachotakiwa ni chumba kidogo kati ya kikopo na mdomo, ambamo dawa inapunguza kasi, chembe kubwa zinabaki ukutani, na zile nzuri zinaelea kwa kitambo mpaka mtoto azivute kwa pumzi yake ya kawaida. Chumba hicho kinaitwa spesa. Za dukani zipo, lakini ni chache na bei yake wengi hawaiwezi.

Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti ambao mimi nauheshimu kuliko tafiti nyingi za gharama kubwa. Watoto 88 wa miaka 5 hadi 13, waliofika wakiwa wamebanwa, walipewa dawa ya kufungua, wengine kwa spesa ya dukani, wengine kwa chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa na kuzibwa vizuri pembeni mwa kikopo, wengine kwa chupa isiyozibwa, na wengine kwa kikombe kile chepesi cha kutupwa. Chupa iliyozibwa ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe kilishindwa.

Inatengenezwa hivi. Chupa inaoshwa. Unapasha waya moto, unatoboa kitako cha chupa tundu lenye umbo la mdomo wa kikopo, si kubwa zaidi, kiingie kwa kubana. Unaziba pembeni kwa gundi au plasta hewa isivuje. Halafu chupa inaoshwa tena kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa. Plastiki ikisuguliwa inapata umeme wa kunatisha, kama vile chanuo linavyovuta vipande vya karatasi, na umeme huo unainasa dawa ukutani kabla mtoto hajaivuta. Povu la sabuni linauondoa.

Tikisa kikopo. Mtoto akae wima, midomo ifumbate shingo ya chupa. Bonyeza mara moja tu, halafu mhesabie pumzi tano au sita za polepole: moja, mbili, tatu. Ndipo utikise na kubonyeza tena. Ukibonyeza mara mbili kwa mpigo chembe zinagongana na kuungana, zinakuwa kubwa na kuanguka. Mtoto wa chini ya miaka minne hivi anahitaji kibarakoa kinachofunika pua na mdomo bila mwanya, na akilia sana dawa haiingii, kwa hiyo mpakateni, mwimbieni kwanza.

Yule mtoto wa Julai nilimpa dawa kwa chupa ya maji aliyokuja nayo mama yake njiani. Mibonyezo sita, mmoja mmoja, nikihesabu pumzi naye. Baada ya dakika 20, sita mingine, na kidonge cha prednisoloni. Saa moja ilipofika mabega yalikuwa yameshuka. Akaomba uji. Muuguzi wa zamu aliniuliza kwa nini sikutumia nebulaiza, maana wazazi wanaiamini ile mashine ya mvuke. Alfajiri ile umeme ulikuwa umekatika, lakini hata kama ungekuwepo jibu ni lile lile. Kwa mashambulizi mengi ya pumu ya watoto kikopo na spesa vinatosha kama mashine, mapigo ya moyo hayapandi sana, na mama anaweza kuondoka navyo mkononi. Mashine inabaki wodini.

Walimu, kwenu nina ombi la uchungu. Msichana mmoja wa kidato cha pili alianza kubanwa saa nne asubuhi. Pampu yake ilikuwa imefungiwa ofisini kwa mkuu wa shule, kwa sababu sheria ya pale ilikuwa kwamba mwanafunzi asikae na dawa, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda mjini. Walimpakia bodaboda. Alifika akiwa hai, midomo imegeuka rangi. Wa shule nyingine, mwaka mwingine, hakufika. Pampu ya mtoto iwe mfukoni mwake au kwenye meza ya mwalimu wa darasa, mahali pasipo kufuli. Akianza kubanwa, mkalisheni wima, mibonyezo 4 hadi 10 kwa chupa, mmoja mmoja, mrudie kila baada ya dakika 20 huku mkitafuta usafiri. Asipoweza kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, msisubiri. Na mluzi ukinyamaza ghafla huku mtoto bado anahangaika, hajapona. Hewa ndiyo imeacha kupita.

Mzee mmoja pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza kuhusu Ramadhani. Kopo la kahawia linavutwa asubuhi na jioni, kwa hiyo wakati wa daku na baada ya futari inatosha, na kijana hapungukiwi kitu. Kuhusu la bluu mchana wa saumu, masheikh wenu ndio wa kuwaeleza hukumu. Mimi kama daktari nasema tu kwamba aliyebanwa avute saa hiyo hiyo.

Na jikoni. Dawa yoyote ya kuvuta itashindana na moshi wa kuni, wa mkaa na wa sigara ya baba. Mtoto asilale kwenye chumba kinachopikiwa. Likishindikana hilo, fungueni dirisha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliwapata watu milioni 262 na kuua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Steroidi ya kuvuta imo kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu, ya watu wazima na ya watoto. Si dawa mpya wala ya majaribio. Waheshimiwa madiwani mliopo hapa, mnapopitisha bajeti ya dawa za zahanati na vituo vya afya, ulizeni kama beklometasoni imeagizwa, makopo mangapi, na kama ilikuwepo mwezi uliopita au rafu ilikuwa tupu. Mfamasia wa wilaya atawajibu, na akijua mtauliza tena robo ijayo, ataagiza.

Wazazi, mkifika nyumbani angalieni mtoto ametumia kopo la bluu siku ngapi wiki hii. Zikizidi mbili, mleteni kliniki wiki hii hii, mje na daftari lake.

Chupa nilizozitoboa ni ishirini, ziko kwenye meza ya mlangoni. Mwenye mtoto achukue moja. Ziosheni kwa maji ya sabuni, mziache zikauke zenyewe.